Njia ya Rusumo, Mlango wa Montreal

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni takriban kilomita 1,500 za lami. Msafiri anaweza kujipunguzia uchovu kwa kupanda treni ya umeme hadi Dodoma, ambayo ilianza kubeba abiria kwenye kipande hicho Julai 2024, kisha akamalizia kwa basi: Singida, Nzega, Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, mpaka barabara inapoteremka kuelekea mto Kagera na daraja la Rusumo. Hapo magari yanahama upande, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na Rwanda kulia. Maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wanakaa kwenye kituo kimoja, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hana viza ya kuomba. Anatoa pasi yake, inagongwa muhuri, anarudi kwenye kiti chake. Ni safari ndefu, ya kuchosha, na ya nauli ambayo muuguzi wa wilaya anaweza kuichanga. Nimeichagua iwe kipimo cha makala hii, kwa sababu nina hoja moja juu ya fursa za ufadhili na makongamano ya afya ya jamii ambazo vijana wetu huzikimbilia kila mwaka: thamani ya fursa haimo katika fedha zilizotangazwa. Imo katika mahali kongamano linapokaa, na katika swali la nani anatoa nauli kwanza. Mambo hayo mawili huamua ni nani ataingia ukumbini, na anayeingia ukumbini ndiye anayesikilizwa mwongozo wa tiba unapoandikwa.

Matangazo ya fursa hizi yana sura moja. Kongamano fulani litafanyika katika mji fulani. Waombaji watume ikisiri ya utafiti au kazi yao. Watakaokubaliwa wanaweza kuomba ufadhili wa kuhudhuria. Ada ya usajili ni nafuu kwa watokao nchi za kipato cha chini. Mpaka hapo kila kitu kinavutia. Utata umejificha katika masharti ya mwishoni. Ufadhili mwingine hulipa ada peke yake na kumwachia mtu nauli na malazi. Mwingine unalipa vyote, ila kwa kurejesha: nunua tiketi kwa fedha zako, lipa hoteli, tunza risiti, urudishiwe baada ya wiki au miezi. Kwa profesa wa chuo kikubwa utaratibu huo ni usumbufu mdogo. Kwa mhudumu wa afya ya jamii wa Kibondo au ofisa wa asasi ndogo ya Kwale, asiye na kadi ya benki inayolipa kwa dola, utaratibu huo ni kukataliwa kwa lugha ya adabu. Ongeza viza: taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, uthibitisho wa tiketi, alama za vidole zinazochukuliwa katika mji mkuu, na ada ambayo hairudi hata ukinyimwa. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024. Aliyenyimwa anapata karatasi yenye alama ya tiki kwenye kisanduku, mara nyingi ile ya kwamba nia yake ya kurudi nyumbani haikuthibitika.

Hebu sasa tuelekee Montreal. Mwishoni mwa Julai 2022 mji huo wa Kanada ulipokea kongamano la kimataifa la UKIMWI, mkutano mkubwa kuliko yote katika fani hiyo. Mamia ya waliokuwa wamealikwa, wengi wao Waafrika, walinyimwa viza au hawakujibiwa kabisa mpaka kongamano likaisha. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao ufadhili wao ulikuwa umekwisha kukubaliwa na ikisiri zao kupangiwa saa ya kusomwa. Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, alieleza hadharani kwamba nusura azuiwe kupanda ndege uwanjani Geneva, huku nyaraka zake zikikaguliwa tena na tena. Ikiwa hilo linamkuta mkuu wa UNAIDS, mwenye cheo cha kimataifa na wasaidizi wa kumpigia simu, tusishangae yanayomkuta mratibu wa kikundi cha wanawake wanaoishi na VVU kutoka Iringa. Siku ya ufunguzi wanaharakati walipanda jukwaani kulalamika juu ya viti vitupu. Malalamiko yalikuwa ya haki, ila yalichelewa. Kiti kilikuwa kitupu tangu siku ukumbi wa Montreal ulipotiwa saini.

Kuna watakaosema viza ni mamlaka ya serikali na waandaaji wa makongamano hawana la kufanya. Historia ya kongamano hilohilo inawakanusha. Mwaka 1987 Marekani iliingiza VVU katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mgeni kuingia nchini. Kongamano la 1990 lilifanyika San Francisco hata hivyo, na mashirika mengi yakalisusia. La 1992 lilikuwa limepangiwa Boston. Waandaaji wake walilihamishia Amsterdam kwa sababu ya marufuku hiyo. Baada ya San Francisco kongamano halikurudi Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Lilirudi Washington Julai 2012, baada ya marufuku kuondolewa mwanzoni mwa 2010. Sitadai kwamba kususia peke yake ndiko kulikobadili sheria. Wanasheria, wabunge na wagonjwa wenyewe walipigana vita hiyo ndani ya Marekani kwa miaka mingi. Lakini uamuzi wa 1992 unaonyesha kwamba waandaaji wanaweza kuliambia taifa lenye nguvu kuliko yote: kama watu wetu hawaingii, nasi hatuji. Waliweza kuhamisha kongamano zima wakati ambapo mawasiliano yalikuwa ya faksi na simu za mezani. Waandaaji wa leo wakisema mikono yao imefungwa, nina haki ya kuuliza ni nani aliyeifunga.

Mji unaoweza kutufundisha zaidi ni Durban, Afrika Kusini. Bandari hiyo ya Bahari ya Hindi, ambako fukwe za watalii zinapakana na gati za makontena na nyuma yake vilima vya KwaZulu-Natal vimejaa vijiji vilivyoumizwa na UKIMWI kuliko karibu mahali popote duniani, ilipokea kongamano Julai 2000. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kongamano hilo kukaa katika nchi inayoendelea, miaka 15 baada ya lile la kwanza. Zaidi ya watu 12,000 walihudhuria. Rais Thabo Mbeki alilifungua huku akiwa amekwisha kuonyesha shaka juu ya chanzo cha ugonjwa. Siku chache kabla, zaidi ya wanasayansi 5,000 walikuwa wametia saini tamko katika jarida la Nature kuthibitisha kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI. Mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi, alihutubia hadhara ya ufunguzi; alifariki mwaka uliofuata. Jaji Edwin Cameron alieleza kwamba yeye yu hai kwa sababu mshahara wake unatosha kununua dawa, na akawauliza wasikilizaji kuhusu mamilioni ambao mishahara yao haitoshi. Nje, wanachama wa Treatment Action Campaign waliandamana kudai dawa. Nelson Mandela alifunga kongamano kwa kutaka jitihada zielekezwe kwenye mambo yanayojulikana kufanya kazi, ikiwamo kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kabla ya Durban, wataalamu walikuwa wakibishana katika kumbi za Ulaya na Amerika kama inafaa kuwapa Waafrika dawa za kufubaza virusi, wakati matibabu ya mwaka mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa. Ubishi wa namna hiyo ni rahisi ukiwa Geneva. Haukuwa rahisi Durban, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mbele, na hospitali ilikuwa umbali wa kupanda teksi. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya misaada. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja na kuahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Januari 2002 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulianza kazi. Julai 2002 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliiamuru serikali itoe nevirapine kwa wajawazito, dawa ambayo ufanisi wake ulikuwa umethibitishwa katika utafiti uliofanyika Kampala na kutangazwa 1999. Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004. Mwenye kupenda ubishi atasema haya yangetokea hata kama kongamano lingefanyika Toronto. Baadhi yangetokea. Lakini wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wamegusa jambo: wageni 12,000 wenye madaraka juu ya dawa na fedha walipofika mlangoni mwa mgonjwa, kisingizio cha kutojua kiliwatoka.

Kutoka Durban turuke miaka. Jaribio lililopewa jina la PURPOSE 1 liliandikisha wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,300 nchini Afrika Kusini na Uganda, kupima sindano ya lenacapavir inayochomwa mara mbili kwa mwaka kuzuia VVU. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni matokeo ya kutetemesha, na takwimu zake kamili zilisomwa kongamanoni Munich, Ujerumani, Julai 2024, mwezi mmoja tu baada ya ada ya viza ya Schengen kupanda. Damu iliyopimwa ilitoka kwa wasichana wa Afrika Kusini na Uganda. Makofi yalipigwa Munich. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Julai 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwongozo wake wa matumizi ya dawa hiyo, na safari hii ilikuwa Kigali. Dawa ileile, ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa Mbarara aliyetaka kusikia mwongozo ukisomwa, na kuuliza bei yake ana kwa ana, aliweza kupanda basi kupitia Kabale na Gatuna, akavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, na kufika siku hiyohiyo.

Malaria ina historia kama hiyo, ingawa haisimuliwi sana. Kongamano la malaria la bara zima lilianzia Dakar mwaka 1997 na limezunguka Durban, Arusha, Yaoundé, Nairobi, na Kigali mwaka 2024. Halijawahi kukaa nje ya Afrika. Wataalamu wa Ifakara, Bagamoyo na Kilifi, ambao vituo vyao vilishiriki kupima vyandarua na chanjo zinazotumika leo, walikua katika mikutano hiyo wakiwa wenyeji, na mwenyeji hapangiwi dakika tano za kujieleza. Arusha yenyewe ni mji uliojengwa kwa mikutano: jengo la AICC lilikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, na jengo likageuzwa ukumbi wa dunia. Kwa upande wa wahudumu wa afya ya jamii, kongamano lao la kimataifa lilianza Kampala mwaka 2017, likaenda Dhaka 2019, kisha Monrovia 2023. Sidhani kama kuna mfululizo wa miji unaoeleza vizuri zaidi kazi yenyewe inafanyika wapi. Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa jamii 100,000 mwaka 2023, na Tanzania mwaka uliofuata ikatangaza lengo la zaidi ya 137,000. Watu hawa ndio wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Ikiwa kongamano juu yao litafanyika mahali ambapo hawawezi kuingia, basi litakuwa limewageuza mada badala ya wazungumzaji.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la mtandao. Kwa nini watu wasafiri wakati kila kitu kinaweza kurushwa kwenye simu? Tulilijaribu kwa kulazimishwa. Kongamano la UKIMWI la 2020, lililokuwa liende San Francisco na Oakland, lilifanyika lote mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19. Kongamano la afya ya umma barani Afrika linaloandaliwa na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, lilizaliwa mtandaoni Desemba 2021 na kukutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza Kigali, Desemba mwaka uliofuata. Faida ilikuwapo: mtu alisikiliza mhadhara bila viza, na rekodi zilibaki. Ningependa zibaki siku zote. Lakini anayesikiliza mtandaoni ni msikilizaji tu. Ruzuku hazizaliwi kwenye mhadhara. Zinazaliwa kwenye foleni ya chai, pale mtafiti kijana anapomkuta mtu anayepanga fedha na kumweleza kazi yake kwa dakika tatu bila slaidi. Umeme wa Nkasi hukatika, bando huisha katikati ya swali. Na zaidi ya hayo, makongamano ya mseto yanazalisha madaraja mawili: waliomo ukumbini, na wale walio kwenye skrini ambao maswali yao husomwa muda ukibaki. Sihitaji kueleza nani huishia kwenye skrini.

Pingamizi la pili linatoka nyumbani, nalo ni kali zaidi. Makongamano, wanasema, ni posho. Watu wanakwenda kununua nguo, wanapiga picha mbele ya bango, wanarudi na begi lenye nembo, na wilaya haioni tofauti. Rais John Magufuli alipoingia madarakani mwaka 2015, moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kuzuia safari za nje za watumishi wa umma bila kibali maalumu, na wananchi wengi walishangilia. Walikuwa na sababu. Nchi ambayo zahanati yake haina glavu haiwezi kuhalalisha msafara wa maofisa wanaokwenda kusikiliza hotuba wanazoweza kuzisoma. Ila tutazame ni nani hasa huathirika kibali kinapobanwa. Ofisa mkubwa hupata kibali. Anayekosa ni muuguzi, mkunga, mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya, yule ambaye ndiye aliyekusanya takwimu. Ubaya wa posho unatibiwa kwa kubadili anayesafiri na anachotakiwa kurudisha, kwa mfano kumtaka afundishe wenzake wilayani kabla ya kulipwa sehemu ya mwisho ya fedha. Nadhani pia safari ya basi ni dawa nzuri ya utalii wa mikutano. Wapenda starehe hawavumilii Nyakanazi usiku.

Pingamizi la tatu linagusa hoja yangu mwenyewe, na halistahili kupitwa haraka: je, Afrika iko wazi kwa Waafrika? Rwanda ilitangaza Novemba 2023 kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila viza, na ni kwa sababu hiyo, pamoja na ukumbi wake mkubwa pale Kimihurura uliofunguliwa 2016, Kigali imekuwa mji mkuu wa makongamano ya afya katika ukanda huu. Hata kabla ya tangazo hilo, Women Deliver, kongamano kubwa la haki na afya za wanawake, lilipofika Afrika kwa mara ya kwanza Julai 2023 lilichagua Kigali. Lakini hoteli zilizo karibu na ukumbi huo si za mshahara wa muuguzi. Mwenye busara hutafuta nyumba ya wageni Remera au Kimironko na kupanda pikipiki. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, hivyo mjumbe wa Bujumbura, ambaye kwenye ramani ni jirani wa saa chache, alilazimika kuzungukia Kobero, Kabanga na Ngara kuja kuvukia Rusumo, au kupanda ndege. Kwa Mkongo wa Goma au Bukavu, baada ya vita vya 2025, swali la Kigali si la nauli tena. Nauli za ndege ndani ya bara nazo zinatia aibu: azimio la Yamoussoukro la kufungua anga lilipitishwa 1999, soko la pamoja la anga likazinduliwa 2018, na bado kutoka mji mmoja wa Afrika hadi mwingine mara nyingi ni ghali kuliko kwenda Ulaya. Kisha kuna sheria. Uganda ilipopitisha sheria yake ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, watu ambao ni walengwa wakuu wa huduma za VVU hawakuweza tena kukaa kwenye ukumbi wa Kampala bila hofu.

Nayakubali yote hayo, na sioni kama yanaivunja hoja. Yanaipanua. Kipimo kilichotumika dhidi ya Marekani mwaka 1992 kitumike dhidi ya kila mwenyeji: nchi inayowafungia nje au kuwatisha watu ambao ugonjwa unawahusu isipewe kongamano la ugonjwa huo, iwe tajiri au maskini, iwe kaskazini au kusini. Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wageni wa muda kwa raia wa Burundi, na kuwafungia kabisa Wasomali, Wasudani na wengine. Shirika litakalopeleka kongamano la kipindupindu au surua huko, wakati Wasudani hawaingii, litakuwa limechagua upande. Na kwa kuwa hakuna mji mmoja ulio wazi kwa wote, dawa ni kuzunguka: mara Kigali, mara Dar es Salaam, mara Lusaka, ambako kongamano la Africa CDC lilikwenda 2023, mara Monrovia. Mjumbe wa Bujumbura aliyekosa mwaka huu apate mwakani kwa kupanda meli au basi la Kigoma.

Limebaki pingamizi la wenye hesabu: fedha ziko Geneva, London na Washington, na anayetaka fedha huzifuata ziliko. Kwa miaka mingi jibu hili lilikuwa na nguvu. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ajili ya mapitio, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilifungwa rasmi. Wiki mbili baadaye kongamano la sayansi ya VVU lilifunguliwa Kigali, likiwa limejaa watu ambao miradi yao ilikuwa imekatwa katikati ya mwaka. Waliokuwa wamejenga uhusiano wao wote kwa safari za Washington walijikuta hawana mtu wa kumwandikia. Uamuzi wa fedha unaweza kuhamishwa kama ukumbi unavyohamishwa: Science for Africa Foundation yenye makao Nairobi inagawa ruzuku za utafiti kwa vyuo vya bara zima, ingawa sehemu kubwa ya fedha hizo bado hutoka nje. Ahadi ya Abuja ya asilimia 15 imetimizwa na nchi chache mno, na hapa lawama haiwezi kupelekwa ubalozini. Kumpeleka muuguzi wa Kahama Kigali kwa basi, kumlaza siku nne na kumrudisha, ni gharama ambayo halmashauri inaweza kuimudu bila mfadhili yeyote. Kumpeleka Montreal ni kuomba.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa na wanaofadhili mambo mawili. Mkataba wa ukumbi uwe na kifungu cha viza, chenye tarehe, kinachoruhusu kongamano kuhama serikali mwenyeji isipowajibu walioalikwa kwa wakati. Na ufadhili wa kusafiri ulipwe kabla, tiketi ikinunuliwa na mfadhili mwenyewe, ikiwamo tiketi ya basi. Na wewe msomaji unayetafuta fursa hizi, usianze na kiasi cha fedha. Tafuta kwanza sentensi inayosema nani atalipa nauli na lini, kisha angalia kama pasi yako inaingia katika nchi hiyo na viza inachukua muda gani. Kama tangazo liko kimya, waandikie waandaaji uwaulize kabla hujatuma ikisiri. Wakikujibu kwamba utarudishiwa baadaye, waulize tena.